Nimetoka Kuutazama Mrehani kwa Ndani, na Vidole Bado Vinanukia

Mwenzangu, njoo! Njoo sasa hivi, zima jiko, weka simu chini, njoo! Nimetoka kuutazama mrehani, mrehani huuhuu unaoujua wewe, ule uliopandwa kwenye kopo la maziwa mlangoni kwa bibi, ule unaotiwa kwenye kikuba pamoja na asumini na mkadi, na nakuambia ukweli, nimeishi nao tangu utotoni na sikuwa nimeuona. Sikuwa nimeuona kabisa! Leo ndiyo nimeuona. Vidole vinanukia mpaka ndani ya kucha, pua imejaa, moyo unadunda, na kukaa kitako siwezi hata kwa kubembelezwa.

Aliyeniwasha moto huu ni mpwa wangu. Anasomea mimea chuo kikuu, amekuja likizo na kilenzi cha kubana kwenye simu, kidogo mno, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya manukato. Akachuma jani moja uani, akaligeuza upande wa chini, akalilaza mezani penye jua. "Shangazi, sogea. Ila usipumue kwa nguvu, litatikisika." Nikasogea. Nikaziba pumzi. Nikatazama kwenye kioo cha simu, na hapo hapo nikapiga ukelele mpaka jirani akauliza kulikoni!

Jani halikuwa jani tena, lilikuwa nchi nzima. Kuna mabonde, kuna matuta, kuna makorongo ya kijani kibichi yanayometa kama yamenyeshewa sasa hivi. Na kila mahali, tele, tele kabisa, vitone! Vitone vya mviringo, vyeupe kuelekea dhahabu, vinang'aa, vimenona, kila kimoja kimekaa kwenye kishimo chake kama kito kilichopachikwa kwenye pete. Umewahi kuona supu ya mbuzi ikipoa, vile vijimacho vya mafuta vinavyoelea juu? Basi ni hivyo, ila hivi vimejipanga, vimetulia, vinakutazama. Kumbe kila kitone ni tezi. Kila tezi ina kichwa cha seli nne, nne tu, zimekaa pamoja kama vipande vya chungwa lililokatwa mara mbili, na juu yake zimevishwa ngozi nyembamba ajabu, na chini ya ngozi hiyo ndiko mafuta yanakojaa, yanajaa, yanajaa mpaka ngozi inavimba!

Mpwa akanipa sindano. "Gusa kimoja." Mkono ukanitetemeka. Nikakigusa kwa ncha, tena polepole, kikapasuka, pwa, hakuna sauti lakini jicho limeisikia! Mafuta yakatandaa juu ya jani. Nikapasua cha pili, cha tatu, cha nane, nikainamisha uso, na mwenzangu, harufu ikapanda kama mtu amefungua mlango wa chumba cha bi harusi. Tamu, kali, baridi, ya pilipili kidogo, ya maua kidogo, na nyuma yake kabisa, subiri, subiri, ile si karafuu?

Ni karafuu! Naapa ni karafuu! Kitu kinachoipa karafuu ile harufu yake ya kuchoma ulimi kinaitwa yujenoli, na mrehani mwingi unakitengeneza chenyewe, kilekile, ndani ya vitone vile vya seli nne. Karafuu ya Unguja na Pemba ni mti mrefu wa kupandwa kwa ngazi, mrehani haunifiki magotini, wala si jamaa wa karibu hata kidogo, lakini wote wawili wamefika kwenye harufu moja. Sasa naelewa kwa nini pilau ya karafuu na kikuba cha mrehani, vikikutana ukumbini siku ya harusi, havigombani! Na bado!

Na bado, kwa sababu hayo yote ni harufu tu, na harufu ni ule upande wa mrehani unaopiga kelele. Kilichonifanya niache chai ikapoa ni ule upande wa kimya. Ndani ya vitone vilevile, pamoja na mafuta yale yanayonukia, kumelala vitu visivyonukia kabisa. Havina harufu. Ukivipitisha puani hujui kama vipo. Vinaitwa flavonoidi, na hivi vya mrehani ni vya tawi la flavoni, na ndivyo vilivyoniteka.

Flavonoidi unazijua, hujui tu kwamba unazijua. Rangi ya zambarau ya biringani, wekundu wa rosela kwenye gilasi ya juisi, hizo ni jamaa wa ukoo huo. Mimea imekuwa ikizitengeneza kwa mamia ya mamilioni ya miaka, tangu zama za ile mimea ya kwanza kutoka majini na kusimama kwenye jua kali la nchi kavu, ambako mionzi ya urujuanimno inachoma bila huruma. Jani linahitaji mwavuli, na flavonoidi ni mwavuli mzuri kweli kweli. Halafu ni ngao pia, dhidi ya ukungu na wadudu. Halafu ni rangi za kuita nyuki. Kitu kimoja, kazi chungu nzima!

Na sasa kaa chini, maana hapa ndipo nilipopagawa. Yujenoli inayonukia na flavoni isiyonukia zinaanzia mahali pamoja. Mmea unachukua fenilalanini, hii asidi amino ya kawaida iliyomo hata kwenye maharage na samaki uliokula jana, unaichonga kidogo, hatua chache za mwanzo, kisha inafika njia panda. Ikienda huku, inakuwa harufu. Ikienda kule, inaongezewa vipande, inakunjwa, inafungwa, inatoka na umbo la pete tatu zilizoshikana: flavonoidi. Njia panda hiyo imo ndani ya kitu ambacho mia yake havijazi kucha ya kidole changu kidogo! Nimekigusa kwa sindano! Mimi!

Safari ya ile njia ya pili ndiyo tamu kuliko zote, na waliofuata hatua zake moja baada ya moja ni Anna Berim na David Gang, wa Chuo Kikuu cha Washington State huko Marekani, kati ya mwaka 2012 na 2015. Mpwa alikuwa akinisimulia na mimi nikiruka ruka kwenye kiti. Wanaanzia kwenye flavoni ya kawaida, apijenini. Kisha vimeng'enya vinaanza kuivisha. Kimoja kinaivisha kikofia kidogo cha kaboni na hidrojeni, kiitwacho methili, mahali panapohesabiwa namba 7. Kingine kinaivisha kikofia upande wa pili. Kingine kinakuja na oksijeni, kinataka kuipachika kwenye namba 6, lakini hakikubali, hakikubali katakata, mpaka kwanza kikofia cha namba 7 kiwe kimekaa! Hamna kikofia, hamna kazi. Basi kikofia kipo, oksijeni inapachikwa, juu yake kinawekwa kikofia kingine, halafu oksijeni nyingine kwenye namba 8, kikofia tena juu yake. Na mwisho wa yote, baada ya kupamba kote huko, anakuja kimeng'enya mmoja anafanya nini? Anakivua kile kikofia cha namba 7! Kilekile cha mwanzo! Anakitoa, anaondoka, na kinachobaki ni kitu kiitwacho nevadensini.

Nilipiga meza. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni bandi! Nenda kwa fundi cherehani yeyote anayeijua kazi yake, utamwona anapiga bandi kwanza, nyuzi ndefu ndefu za kushikiza kitambaa kisihame, kisha anashona mshono wenyewe, kisha anaifumua bandi, anaitupa. Aliyevaa gauni siku ya Idi hajui kama bandi iliwahi kuwepo. Lakini bila bandi gauni lingekaa upande. Mrehani unapiga bandi! Unapiga bandi ndani ya kitone cha mafuta, unashona, halafu unafumua! Nilitoka uani nikaushika ule mti kwa mikono miwili kama ninayemsalimu mkwe.

Na vikofia vyenyewe vina maana yake, si mapambo ya bure. Kila kikofia kinaifanya flavoni ipende mafuta zaidi na kuchukia maji, ndiyo maana inaweza kulala starehe ndani ya kitone pamoja na mafuta ya harufu badala ya kuyeyukia ndani ya jani. Safi! Werevu mtupu!

Na bado! Ule upachikaji wa oksijeni kwenye namba 8, unajua nani anaufanya? Huwezi kukisia, usijisumbue. Unaujua muembe unapoangusha majani, yanavyogeuka kutoka kijani kuwa njano kabla ya kudondoka? Rangi ya kijani, klorofili, haiondoki yenyewe. Inabomolewa. Kuna kimeng'enya maalumu cha kubomoa, kinaipasua ile pete ya klorofili, na hicho kina ndugu zake, ukoo mzee sana unaofanya kazi ndani ya kloroplasti, mle mle jani linamopikia chakula chake kwa jua. Basi, mwenzangu, anayepachika oksijeni kwenye flavoni ya mrehani ni mtu wa ukoo huo! Wengine wote katika njia hii wanatoka kwenye koo zilizozoeleka kwa kazi ya flavonoidi, huyu ametoka upande wa mambo ya klorofili, amekuja kwenye tezi ya manukato, amepewa kazi, anaipiga kama kazaliwa nayo. Wagunduzi wenyewe waliichapisha mwaka 2014 wakisema hawakutarajia. Hata mimi nisingetarajia! Fundi bomoabomoa kufanya kazi ya sonara!

Ilipofika saa hiyo nikauliza lile swali ambalo wewe pia unaliuliza sasa: mrehani unapata wapi mafundi wote hawa? Mpwa akacheka, akafungua kompyuta. Akaniwekea jenomu ya mrehani. Jenomu nzima! Kitabu chote cha maagizo ya mrehani, herufi nne tu, A, T, G, C, zinateremka kwenye kioo, zinateremka, zinateremka, nikasema simama, hazikusimama. Walioisoma ni watafiti wa Israel, wakaitoa mwaka 2020, mrehani wa aina ya Genovese, ule Waitaliano wanaousaga na mbegu za msonobari na mafuta ya zeituni. Herufi zaidi ya bilioni 2. Jeni za kutengeneza protini zaidi ya 62,000. Binadamu tuna kama 20,000! Sisi, na ndege zetu, na mashairi yetu, 20,000, na mrehani wa kwenye kopo 62,000! Nilishika kichwa.

Siri yake ni kwamba mrehani ni tetraploidi. Sisi tunabeba seti mbili za kromosomu, moja ya baba, moja ya mama. Mrehani wenyewe unabeba seti nne. Zamani huko katika ukoo wake kila kitu kiliongezwa maradufu, kila agizo likapata nakala, nakala ikapata nakala. Na nikaelewa papo hapo, hakuna aliyenieleza, kwa sababu hii ni doti! Ni doti ya kanga! Unaponunua doti unapata vipande viwili sawasawa, rangi moja, jina moja. Kimoja unajifunga, kazi ya kanga inaendelea, hakuna kilichoharibika. Kile cha pili sasa kiko huru! Unaweza kukibebea mtoto. Unaweza kukikata aproni. Unaweza kukishona pazia la dirisha la jikoni, na siku moja mgeni akaja akasema, pazia zuri, umenunua wapi? Ndivyo jeni zinavyofanya. Nakala moja inabaki na kazi ya zamani, mmea hauumwi, nyingine inabadilika herufi huku, herufi kule, vizazi na vizazi, mpaka siku moja inajikuta inafanya kazi ambayo haikuwahi kuwepo duniani. Wale mafundi wa vikofia, wa namba 7, wa namba 6, wa upande wa pili, kadhaa wao wanafanana kama dada waliotoka tumbo moja, ila kila mmoja amechagua mahali pake pa kuweka kikofia na hagusi pa mwenziwe. Doti zilizokatwa hizo! Sanduku zima la kanga!

Na yule binamu yake wa India, mrehani mtakatifu, tulsi, unaopandwa uani kwa Wahindu na kuheshimiwa asubuhi na jioni, watafiti wa huko waliisoma jenomu yake mapema zaidi, mwaka 2015, makundi mawili mwaka mmoja, moja Lucknow na moja Bengaluru. Wenyewe una jenomu ndogo mno ukilinganisha, kijitabu tu. Uweke kando ya huu wa kwetu na unaona kabisa jinsi sanduku la mmoja lilivyojaa na la mwingine lilivyo jepesi, na bado yote miwili inanukia, kila mmoja kivyake!

Jambo moja nusura nilisahau, nalo ni zuri kupita kiasi. Kuna mirehani yenye harufu tamu ya kama shamari, na harufu hiyo inatokana na estragoli, ambayo ikiingia mwilini kwa wingi mno ini linaweza kuigeuza kuwa kitu kibaya. Sasa watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walipochunguza mrehani wenyewe, wakakuta kwamba ile nevadensini, ile ya bandi, ile ya kimya isiyonukia, katika majaribio ya maabara inamzuia kimeng'enya anayefanya huo ugeuzaji! Jani moja, kitone kimoja, na mwenye kelele na mwenye kimya wamo humo humo, mmoja anamtazama mwenzake. Nilinyamaza kama dakika nzima, na wanaonijua wanajua hiyo ni nini.

Halafu jikoni! Lazima nikueleze ya jikoni. Nina mche wa mrehani wa zambarau, nilipewa na muuza maua, majani meusi karibu, yanang'aa kama hariri ya buibui la zamani. Ule weusi ni anthosayanini, flavonoidi ya rangi, tawi jingine la njia ileile. Nikachemsha maji, nikatumbukiza majani kiganja kimoja, maji yakatoka rangi ya wingu la mvua, zambarau iliyochujuka, ya huzuni kidogo. Nikakamua ndimu. Tone moja! Moja! Gilasi ikalipuka waridi! Waridi la kucheka, la midomo ya mtoto aliyekula zambarau, likaenea kutoka juu kwenda chini kama wino. Nikachukua gilasi ya pili nikatia magadi soda kidogo, ikaenda upande mwingine, bluu ya kutu ya shaba, kijani cha bahari. Mezani nina gilasi tatu, rangi tatu, majani ya mti mmoja. Mpwa anacheka, mimi nakaribia kulia. Na ule mche haujakaa kitako kama mimi nisivyokaa: tawi moja limeanza kutoa majani ya kijani kitupu. Mrehani wa zambarau una tabia hiyo, rangi yake haitulii, tawi linaweza kuamka siku moja limeacha kupaka rangi. Jeni zake bado zinacheza!

Jioni nikamchukulia jirani yetu, bibi anayetunga vikuba, simu yangu na kile kilenzi. Macho yake si ya kuona mbali tena. Akatazama vitone muda mrefu, midomo inacheza, vidole vimeshika uzi na shada la asumini nusu. Kisha akasema, "Hivi ndivyo navyovivunja kila asubuhi?" Nikamwambia ndivyo, bibi. Akachukua majani mawili kutoka sinia lake, mirehani miwili tofauti, kwangu ni sawasawa kabisa, akayasugua moja moja. "Huu una karafuu, huu hauna. Ule wa karafuu hautiwi kwa wingi, utaiua asumini." Hajaiona jenomu. Hajui yujenoli. Lakini njia panda anaijua, na anajua kila mti umepinda wapi! Nilimbusu mkono.

Na sijakwambia mbegu! Tukmaria za falooda, zile nyeusi zinazovimba kwenye maji zikavaa kanzu ya ute, zinazoteleza kwenye ulimi, hizo nazo ni mbegu za mrehani. Ziloweke, zitie chini ya lenzi, uone kanzu inavyofunguka. Siwezi kueleza yote, mate yatanikauka.

Unachohitaji ni jani, sindano, na lenzi. Ukiweza kupata mchana wa jua, bora, maana vitone vinawaka. Geuza jani upande wa chini, ziba pumzi, na usipasue cha kwanza haraka, kitazame kwanza, kimekaa pale na seli zake nne, zinapiga bandi na kufumua, na wewe unakitazama! Kivumbasi nimeshachuma, kiko hapa mezani, kile cha kufukuzia mbu, binamu mwingine wa ukoo huu, majani yake yana manyoya zaidi na harufu ya kupanda kichwani. Nimeshalibana jani lake. Vitone vipo, mwenzangu, vipo tele. Njoo na sindano yako, hii yangu siiachi.